Vivimbe vya Tezi za Mafuta za Ngozi: Ishara Adimu ya Saratani ya Kurithi

Vivimbe vidogo vya ngozi ni miongoni mwa mambo ya kawaida kabisa katika zahanati na vituo vya afya. Chunjua, chunusi sugu, vinundu vyeusi vya usoni na uvimbe wa mafuta chini ya ngozi huonekana kila siku, na vingi havina madhara. Mgonjwa huomba viondolewe kwa sababu vinakatwa na wembe anaponyoa, au kwa sababu vinamharibia sura. Kivimbe hukatwa kwa ganzi ya sindano, kidonda hufungwa, na kinyama kilichotolewa mara nyingi hutupwa pamoja na taka nyingine za chumba cha upasuaji mdogo. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna kinachopotea. Lipo hata hivyo kundi dogo la vivimbe ambalo kulitupa ni kutupa onyo la mapema kuhusu saratani ya ndani ya mwili, onyo linalomhusu mgonjwa mwenyewe, watoto wake na ndugu zake wa damu.

Makala haya yanaeleza kundi hilo, yaani vivimbe vinavyoota kutoka katika tezi za mafuta za ngozi, pamoja na uhusiano wake na sindromu ya Muir-Torre. Sindromu hiyo ni sura mojawapo ya sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza sana uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba.

Tezi za mafuta na vivimbe vyake

Tezi za mafuta zimeungana na vinyweleo vya ngozi, na kazi yake ni kutoa mafuta yanayolainisha ngozi na nywele. Ni nyingi zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni. Katika kope zipo tezi kubwa za aina hiyo ambazo mafuta yake huzuia machozi yasikauke haraka.

Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Kile ambacho watu wengi hukiita «uvimbe wa mafuta» ni donge laini la seli za mafuta lililo chini ya ngozi, ambalo huteleza likibonyezwa. Hilo halihusiani na mada hii. Vivimbe vinavyozungumzwa hapa hutokana na tezi zinazotengeneza mafuta ndani ya ngozi yenyewe, navyo ni vya aina kuu tatu.

Ya kwanza ni adenoma ya tezi za mafuta, kivimbe kisicho saratani, kwa kawaida cha milimita chache, chenye rangi ya ngozi, ya waridi au ya manjano. Katika ngozi nyeusi umanjano huo huweza kufifia usionekane vizuri. Ya pili ni seboma, ambayo pia si saratani, ila seli zake hazijakomaa. Ya tatu ni saratani ya tezi za mafuta yenyewe, ambayo huweza kuenea hadi kwenye matezi ya limfu na viungo vingine. Katika kope saratani hii hufanana mno na chokea. Mgonjwa hupewa dawa ya kupaka, uvimbe ukapungua kidogo, kisha ukarudi pale pale. Chokea kinachorudi mahali pale pale kwa mtu mzima, au kinachoambatana na kope kunyonyoka, hakifai kuendelea kutibiwa kwa dawa peke yake. Kinahitaji kuchukuliwa kinyama na kupimwa.

Huongezwa katika kundi hili keratoakanthoma, uvimbe unaokua kwa kasi ndani ya wiki chache, wenye umbo la volkano ndogo na kiini kigumu katikati. Ukionekana peke yake hausemi mengi, lakini ukiwa pamoja na vivimbe vya tezi za mafuta, au ukijitokeza kwa wingi, huongeza shaka.

Kuna pia jambo moja la kawaida lisilopaswa kuleta hofu. Watu wengi wa umri wa kati hupata vinundu vidogo usoni vyenye kishimo katikati, ambavyo ni tezi za mafuta zilizotanuka tu. Hivyo havihesabiwi kuwa ishara ya sindromu hii.

Mshonaji wa Michigan na madaktari wawili

Historia ya ugonjwa huu ilianza kwa maneno ya mgonjwa. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, Michigan, mwanamke aliyekuwa mshonaji wa nguo alimweleza mtaalamu wa patholojia Aldred Scott Warthin kwamba alitarajia kufa mapema, kwa kuwa watu wa ukoo wake walikufa kwa saratani ya matumbo au ya uzazi. Ndivyo ilivyokuwa: alifariki angali kijana kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin aliufuatilia ukoo huo na kuchapisha habari zake mwaka 1913. Miaka ya 1960 daktari Henry Lynch wa Marekani alieleza koo nyingine za namna hiyo, na hatimaye hali hii ikapewa jina lake.

Wakati huohuo ngozi nayo ilianza kuangaliwa. Mwaka 1967 daktari wa upasuaji Edward Muir wa London alieleza habari za mgonjwa mwenye keratoakanthoma nyingi usoni na saratani kadhaa za ndani. Mwaka uliofuata Douglas Torre, daktari wa ngozi wa New York, alichapisha habari za mgonjwa mwenye vivimbe vingi vya tezi za mafuta pamoja na saratani za tumbo. Ilichukua miaka mingi kabla ya kubainika kwamba kile alichokiona Warthin katika ukoo na kile walichokiona Muir na Torre kwenye ngozi vina chanzo kimoja.

Kasoro ilipo

Kila seli inapogawanyika hunakili upya maandishi yote ya urithi wake, yaani DNA. Kazi hiyo inafanana na ya mwandishi anayenakili kitabu kikubwa kwa mkono: hata akiwa makini, ataruka herufi au ataandika neno mara mbili. Kwa sababu hiyo mwili una wasahihishaji, protini zinazopita nyuma ya mwandishi na kurekebisha makosa. Jeni zinazotoa maagizo ya kuzitengeneza ni nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye sindromu ya Lynch amezaliwa na nakala moja yenye kasoro. Nakala nzima iliyobaki hutosha kwa kazi, ndiyo maana mtu huyo huzaliwa na kukua akiwa na afya. Shida huanza pale ambapo seli moja, ya utumbo, ya mji wa mimba au ya tezi ya mafuta, inapoipoteza nakala hiyo ya pili. Seli hiyo hubaki bila msahihishaji, makosa hulundikana kila inapogawanyika, na mwisho wake huwa uvimbe. Katika sehemu kubwa ya familia zenye sura ya Muir-Torre kasoro huwa katika jeni ya MSH2.

Kwa wenye kasoro ya MLH1 au MSH2, uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana katika maisha hukaribia nusu. Kwa wanawake, uwezekano wa saratani ya mji wa mimba ni kati ya theluthi moja na nusu. Saratani za ovari, tumbo, utumbo mwembamba na njia ya mkojo huongezeka pia. Mara nyingi huja mapema, katika miaka ya 40 au hata kabla, umri ambao wahudumu wengi hawategemei saratani.

Ni nani wa kushukiwa

Kivimbe kimoja cha tezi ya mafuta usoni kwa mzee wa miaka 75 huenda kikawa ni jambo la umri tu. Madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walitunga mizani rahisi inayoweza kutumika popote. Mgonjwa hupewa alama 1 ikiwa kivimbe cha kwanza kilitokea kabla ya miaka 60. Alama 2 ikiwa amewahi kupata vivimbe viwili au zaidi. Alama 1 ikiwa yeye mwenyewe amewahi kuugua saratani inayohusiana na sindromu ya Lynch. Na alama 1 ikiwa ndugu wa damu amewahi kuiugua. Anayefikisha alama 2 au zaidi anastahili uchunguzi wa jeni. Vivimbe vilivyoota nje ya kichwa na shingo, kwa mfano mgongoni au kifuani, huongeza shaka zaidi.

Mara nyingi saratani ya ndani hutangulia na vivimbe vya ngozi hufuata, lakini kwa baadhi ya wagonjwa ngozi ndiyo hutangulia. Hata pale inapochelewa, ishara haijapoteza thamani. Mwenye sindromu hii aliyepona saratani moja huweza kupata nyingine miaka mingi baadaye, na ndugu zake huenda bado hawajaugua.

Kundi moja linahitaji uangalifu wa pekee: wagonjwa waliopandikizwa figo. Tangu mwaka 2017 upandikizaji wa figo umekuwa ukifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na idadi ya watu wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili inaongezeka. Dawa hizo, hasa siklosporini na takrolimasi, huweza kufichua vivimbe vya Muir-Torre vilivyokuwa bado kujitokeza. Mgonjwa wa aina hiyo anayeanza kuota vivimbe usoni aulizwe habari za ukoo wake, na timu yake ijadili kama dawa yafaa kubadilishwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana anaweza kuipoteza figo.

Kinyama kisitupwe

Hakuna jicho linaloweza kukitambua kivimbe cha tezi ya mafuta kwa hakika. Hufanana na chunjua, na kinundu cha kuzaliwa nacho, na saratani nyingine za ngozi. Hadubini ndiyo huamua. Kwa hiyo hatua ya kwanza, ambayo kituo chochote chenye uwezo wa kukata kivimbe kinaweza kuifanya, ni kukihifadhi kinyama katika fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo unaofikia mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe, na kukipeleka maabara ya patholojia.

Karatasi inayoambatana na kinyama ina uzito sawa na kinyama. Iandikwe umri wa mgonjwa, mahali kivimbe kilipokuwa, muda kilichochukua kukua, idadi ya vivimbe vingine, na saratani yoyote ya mgonjwa au ya ndugu. Mtaalamu wa patholojia akisoma kwamba mgonjwa ana miaka 44 na mama yake alifariki kwa saratani ya utumbo, atavitazama vioo vyake kwa jicho jingine.

Maabara kubwa huweza kuendelea na kipimo cha imunohistokemia, kinachopaka rangi protini nne za usahihishaji. Seli yenye protini hushika rangi katika kiini chake; isiyo nayo hubaki tupu. Kipimo hiki kina mpaka wake. Kivimbe huweza kukosa protini kwa sababu ya hitilafu iliyotokea ndani ya kivimbe hicho pekee, bila mgonjwa kurithi chochote, na matokeo ya aina hiyo si machache. Kwa upande mwingine, protini zote kuonekana hakufuti kabisa uwezekano wa sindromu iwapo historia ya ukoo ni nzito. Jibu la mwisho hutolewa na kipimo cha jeni kutoka katika damu au mate.

Kuuliza habari za ukoo

Pale ambapo kipimo cha jeni hakipatikani au gharama yake imemzidi mgonjwa, mazungumzo mazuri hubaki kuwa kipimo cha kutegemewa. Swali la jumla, «Je, kuna saratani katika familia?», kwa kawaida hujibiwa «hapana», kwa sababu ndugu wengi walifariki bila kupimwa. Ni afadhali kuuliza: nani alifariki kabla ya miaka 50, na alilalamika nini? Majibu huja kwa maneno ya nyumbani: tumbo lilijaa, alitokwa damu chini miaka mingi baada ya kukoma hedhi, alitibiwa bawasiri hadi akakonda, alisemekana amerogwa. Kila moja ya kauli hizi yaweza kuwa saratani ya utumbo au ya mji wa mimba iliyokosa jina.

Istilahi za undugu nazo zinahitaji kufafanuliwa. Neno «ndugu» hubeba watu wengi, na «mama mdogo» huweza kuwa mdogo wake mama wa tumbo moja, binamu wa mama, au mke mwingine wa baba. Muulizaji achore mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu, akitenganisha wa damu na wa ndoa, upande wa baba na wa mama. Upande wa baba usipuuzwe. Mwanamume hana mji wa mimba, lakini anaweza kumrithisha binti yake kasoro itakayomletea saratani ya mji wa mimba.

Kinachoweza kufanywa

Kugundua hali hii mapema kuna faida iliyopimwa. Nchini Finland watu 252 wa familia zenye hatari walifuatiliwa kwa miaka 15. Kati ya 133 waliochunguzwa utumbo mpana kila miaka mitatu, 8 walipata saratani ya utumbo na hakuna aliyekufa kwayo. Kati ya 119 wasiochunguzwa, 19 waliipata na 9 wakafa. Uchunguzi huo ni kolonoskopi, yaani kuingiza mrija wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Daktari akiona polipu huiondoa papo hapo kabla haijageuka saratani. Barani Afrika, madaktari wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamekuwa wakisafiri hadi Northern Cape kuzifanyia kolonoskopi familia zenye kasoro ya MLH1 zinazoishi mbali na hospitali kubwa.

Kwa wenye kasoro ya MLH1 au MSH2, kolonoskopi huanza kwenye umri wa miaka 25 hivi na kurudiwa kila mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea mwongozo unaofuatwa. Mwanamke aelezwe kwamba damu isiyo ya kawaida ukeni ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri, na akishamaliza kuzaa ajadiliane na daktari kuhusu kuondoa mji wa mimba na ovari. Utafiti uitwao CAPP2, uliohusisha watu 861 wenye sindromu ya Lynch, ulionyesha kwamba aspirini ya miligramu 600 kwa siku ilipunguza saratani ya utumbo mpana: asilimia 9 ya walioitumia waliipata, ikilinganishwa na asilimia 13 ya wasioitumia. Aspirini hata hivyo husababisha vidonda vya tumbo na kutokwa damu, kwa hiyo haifai kunywewa bila ushauri wa daktari.

Katika Afrika Mashariki kolonoskopi hupatikana hasa katika hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya hospitali binafsi. Hivyo rufaa yenye maelezo kamili ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambayo kituo kidogo kinaweza kumpa mgonjwa. Matabibu waliofundishwa magonjwa ya ngozi katika kituo cha kanda kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, ni njia mojawapo ya kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu.

Kwa mgonjwa na familia yake

Anayeambiwa kwamba kivimbe chake ni cha tezi za mafuta asidhani amehukumiwa. Wengi wenye kivimbe kimoja hawana sindromu yoyote. Aliyethibitishwa kuwa nayo naye hajapata saratani kwa sababu hiyo tu. Amejua mahali pa kuchunguza na wakati wa kuchunguza. Hali hii haiambukizwi na haitokani na laana wala uchawi. Kila mtoto wa mwenye kasoro, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, na asiyeirithi hawezi kuipitisha kwa wanawe.

Watoto wadogo kwa kawaida hawapimwi, kwa kuwa saratani hizi huja ukubwani. Husubiriwa wafikie umri wa kuamua wenyewe. Kuna hali moja iliyo tofauti. Iwapo baba na mama wote wana kasoro katika jeni ileile, jambo linalowezekana zaidi pale binamu wanapooana, mtoto huweza kurithi nakala mbili mbovu. Mtoto wa namna hiyo huweza kuwa na madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi na kupata saratani ya ubongo, ya damu au ya utumbo angali mdogo. Familia yenye historia hiyo ipate ushauri wa kitaalamu kabla ya ndoa au ya kuzaa.

Matokeo ya kipimo cha jeni ni siri ya mgonjwa, na mhudumu hana ruhusa ya kuyapeleka kwa ndugu bila idhini yake. Anachoweza kufanya ni kumwandikia mgonjwa barua fupi isiyo na jina, inayotaja jeni iliyohusika na uchunguzi unaopendekezwa, ili mgonjwa mwenyewe awagawie kaka, dada na watoto wake waliokomaa. Kila mmoja wao ataipeleka katika hospitali iliyo karibu naye na kuanzia hapo.